Shingo ya Shosho

Mwezi uliopita maumivu ya bega yalinipeleka kwenye chumba kidogo cha kunyoosha viungo, katika ghorofa moja huko Upper Hill. Kazi yangu ni ya kukaa. Nakaa mbele ya kompyuta kutwa, na jioni mkono wa kulia unakuwa mzito kama si wangu. Kijana aliyenihudumia alinisimamisha mbele ya kioo, akarudi nyuma kidogo, akanitazama kama fundi anavyotazama ukuta alioujenga mwenzake.

"Unajua kichwa chako kimeinama?" akaniuliza. "Kinaenda upande wa kulia."

Nikatazama kioo, na kweli kilikuwa kimeinama. Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka, ikabidi niombe kiti.

"Nimekuumiza?"

"Hapana," nikamwambia. "Nimemwona mtu."

Mtu huyo alikuwa shosho yangu, mama yake baba, ambaye nilipewa jina lake. Kwa sababu hiyo baba hakuwahi kuniita jina langu. Aliniita Maitu, yaani mama, hata alipokuwa ananikemea. "Maitu, toka kwa matope." "Maitu, kula." Nilikuwa na umri wa kutosha kufunga kamba za viatu vyangu, na tayari nilikuwa mama ya mwanaume mzima.

Wazazi wangu walishuka kutoka mlimani nikiwa bado nabebwa mgongoni. Ninaposema mlimani simaanishi kilele chenye theluji kinachopigwa picha na wageni. Ni ile miteremko ya Nyandarua, chini kidogo ya msitu wa mianzi, mahali ambapo ukungu huingia nyumbani bila kubisha hodi, na ambapo baridi ya usiku mmoja huweza kuchoma shamba zima la viazi. Asubuhi unakuta majani meusi, kana kwamba moto umepita. Baba alisema alishindana na baridi ile mpaka akachoka, ndipo akaja Nairobi kubeba simiti.

Tuliishi katika chumba kimoja cha mabati upande wa Kibera, karibu sana na Woodley, kiasi kwamba asubuhi tulisikia redio za watu wa nyumba za mawe. Mama alikuwa akifua nguo za watu huko. Kila kulipokucha, yeye na wanawake wengine waliketi kando ya ua, karibu na Adams Arcade, wakingoja mtu aje aseme ana nguo chafu. Baba naye alikuwa wa mjengo, Upper Hill, wakati ule ambapo kila kiwanja kilikuwa na shimo na kila shimo lilikuwa na ghorofa inayotoka ndani yake. Alirudi jioni nywele zikiwa za kijivu, nyusi za kijivu, hata kope. Niliamini kwamba kazi ile huzeesha watu. Niliamini baba huzeeka mchana, na mama humrudishia ujana jioni kwa beseni la maji moto. Ndiyo sababu mifereji ilipokauka, mimi ndiye niliyekuwa na wasiwasi kuliko watu wote katika ile ploti yetu ya vyumba vya kupanga.

Nyumbani kwetu hakuna aliyesema amechoka. Walikuwa wakikaa tu. Baba aliweza kushika kikombe cha chai mpaka kikapoa, macho yake yakiwa mlangoni, halafu akanywa yote kwa mkupuo mmoja. Mama alikuwa akisinzia huku anamenya vitunguu, na kisu hakikusimama. Nilidhani watu wazima wote wako hivyo, kwamba ukishakua unanyamaza.

Shosho alikuja likizo ya Agosti, kipindi kile cha baridi na manyunyu. Baba aliomba ruhusa kazini, akaenda kumpokea mjini basi lake litakapoingia. Lakini mimi ndiye niliyemwona kwanza. Nilikuwa nimekaa kizingitini, nikaona mwanamke mzee akija kwenye kile kijia chetu chembamba, ameinama, gunia la viazi mgongoni. Gunia lilishikiliwa na mkanda wa ngozi uliopita juu ya paji la uso wake, na mikono yake miwili ilishika mkanda huo kando ya masikio. Watoto walimpisha. Hata vijana waliokuwa wakicheza karata walivuta miguu yao ndani.

"Hapa ni kwa Kamau?" akauliza, bila kuinua uso.

"Ndiyo."

"Basi wewe ndiyo mimi," akasema, akaligeuza gunia na kuliegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

Baba alifika jua likiwa linakaribia kuzama, amelowa, uso umemsinyaa kwa hofu. Alipomwona mama yake ameketi juu ya kigoda anakunywa chai, alisimama mlangoni akashika mwimo.

"Maitu, nimekutafuta steji yote."

Mimi na Shosho tuliitika pamoja.

"Ulikuwa unanitafutia nini?" Shosho akasema. "Si mimi niko na mdomo? Niliuliza njia."

"Na hilo gunia?"

"Gunia haijui kutembea."

"Na shingo, Maitu?"

"Shingo iko."

Hapo ndipo nilipoitazama shingo yake vizuri. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande wa kulia, sikio likikaribia bega, na hakikurudi juu hata aliposimama. Mtu mwingine angesema ni shingo mbovu. Mimi niliona kitu tofauti kabisa. Niliona mtu anayesikiliza. Mwalimu wetu wa darasa aliinamisha kichwa vile vile mtoto alipomnong'oneza jambo, na ilikuwa kwa muda mfupi tu, kisha akakiinua na kuendelea na mambo yake. Shosho hakukiinua. Nikafikiri, huyu anasikiliza wakati wote.

Basi nikamwambia kila kitu. Katika chumba kile ambapo watu walirudi wamenyamaza na kulala wamenyamaza, nilikuwa nimepata sikio. Nilimweleza juu ya shule, juu ya msichana wa dawati langu aliyekula chaki, juu ya mbwa wa Woodley aliyekuwa na blanketi lake mwenyewe. Nilimwambia siri yangu kubwa, kwamba baba anazeeka kila siku na siku moja maji yatakosekana. Alikuwa akiniambia, "Ehe," na baadaye, "Ehe, halafu?" Aliniruhusu niweke kidole kwenye paji la uso wake, ambapo mkanda ulikuwa umechimba kibonde kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kidole changu kilikaa mle sawasawa. Nilimwuliza nani alimchorea. Akasema, "Kuni."

Alikuwa ameletwa kwa ajili ya hospitali. Huko mlimani mikono yake ilikuwa imeanza kufa ganzi, akaangusha sufuria ya uji moto, na jirani akamtumia baba ujumbe. Baba alimpeleka hospitali kubwa ya serikali, wakashinda huko, wakarudi na kadi ya kumwita tena baada ya likizo yangu kwisha.

"Kwa hivyo utakaa?" nikamwuliza.

"Nitakaa. Si nimekuja kucheza na wewe?"

Niliamini hivyo. Hata vitu vilipomponyoka mkononi niliona ni mchezo. Kikombe kilianguka, yeye akanitazama kwa ule upande wake, akasema, "Ulikuwa wapi?" Nikawa ninakaa karibu naye kila anaposhika kitu, mikono imekingwa, nikingoja kudaka. Nikadaka kijiko, kitunguu, sanduku la kiberiti. Siku nilipodaka kikombe kikiwa na chai na isimwagike yote, tulicheka mpaka mama akauliza kuna nini. Alipoelezwa, hakucheka. Alimtazama Shosho, Shosho akatazama moto.

Mama alikuwa na wateja wa hapa na pale, lakini mmoja alikuwa wa kudumu. Huyu aliitwa Mama Tony, mwalimu mstaafu kutoka magharibi mwa Kenya, aliyeishi kwenye nyumba ya zamani ya mawe huko Woodley na kupangisha vyumba vya nyuma kwa wanafunzi. Wanafunzi walipofunga chuo, alitaka blanketi zote zifuliwe. Blanketi kavu ni kitu cha kawaida. Blanketi lililolowa ni mnyama. Mama aliishika ncha moja akajaribu kulikamua, maji yakamteremkia hadi kwenye viwiko, naye akauma meno. Sabuni ilikuwa imekula vidole vyake. Ngozi ilipasuka kwenye viungo, ikapona kidogo Jumapili, ikapasuka tena Jumatatu.

Siku ya kwanza ya blanketi, Shosho alisema hawezi kukaa nyumbani kama kuku anayelalia mayai. Akatufuata. Alisimama uani kwa Mama Tony akimtazama mama akihangaika, kisha akavua viatu vyake vya plastiki, akakunja sketi na kuichomeka kiunoni.

"Mami, usifanye hivyo," mama akasema.

"Nguo nzito hapana ya mkono. Nguo nzito ni ya miguu."

Akaingia ndani ya beseni lile kubwa, maji baridi yakamfika juu ya vifundo, povu likapanda. Akaanza kukanyaga. "Kuja," akaniambia. Nikaingia. Tukashikana mikono, tukakanyaga, blanketi likitoa pumzi chini ya nyayo zetu kama kitu kilicho hai. Shosho aliimba kitu cha Kikuyu kisichokuwa na mwanzo wala mwisho, nami nikaitikia mahali nilipodhani ni pa kuitikia. Maji yalibadilika yakawa ya kahawia, tukayamwaga, tukajaza mengine. Mama Tony alitoka kwenye veranda na shali yake begani.

"Huyu mzee si atapata baridi?"

"Baridi mimi naijua," Shosho akamjibu. "Hii ya kwenu ni mtoto."

"Mami, shingo," mama akasema tena, kwa sauti ya chini.

"Shingo haiko kwa maji."

Mama hakubishana zaidi. Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaweka mikono mapajani, viganja vikitazama juu, na kwa muda hakufanya chochote. Sikuwahi kumwona hivyo mchana. Leo, nikiwa na umri wa kumpita mama wa siku zile, najua kwamba alikuwa akihesabu mema na mabaya kwa wakati mmoja, na kwamba vidole vyake ndivyo vilivyopiga kura.

Jioni ile Shosho aliniambia, "Baba yako amechoka. Hatutamchosha na maneno ya blanketi." Nikaona ni jambo la busara. Kwa hiyo baba aliporudi na mvi zake za simiti, alitukuta tumekaa, miguu yangu na ya Shosho imekunjamana kama ya watoto waliozaliwa jana, na hakuuliza.

Tulienda hivyo likizo nzima. Wanawake wa pale kando ya ua wa Adams walipopata blanketi, au pazia nzito, au zulia, walimwita mama, na mama alikuja na Shosho, na Shosho alikuja nami. Ilikuwa likizo bora kuliko zote nilizopata kuwa nazo. Sijapata njia ya kusema jambo hili bila kuhisi aibu kidogo, lakini ni kweli. Nilikuwa nikiamka na furaha.

Siku moja, likizo ikikaribia kwisha, manyunyu yalianza mapema. Mama Tony alisema tuache, mama akasema tumalize blanketi lililobaki. Tulikuwa ndani ya beseni, tumeshikana mikono, mimi nikimsimulia Shosho jinsi nitakavyokuwa dereva wa treni, wakati vidole vyake vilipolegea. Havikuniachia kwa ghafla. Vililegea kidogo kidogo, kama vya mtu anayepitiwa na usingizi. Nilidhani ni ule mchezo wetu, nikavikaza vyangu ili nividake. Kisha magoti yake yakakunjika, akaketi ndani ya maji, povu likamfika kifuani, macho yake yakinitazama kwa mshangao.

"Simama, Shosho."

"Ngoja," akasema. "Miguu iko. Lakini nikiita haiitiki."

Mama alimwinua, Mama Tony akaleta gauni kavu na blanketi lake mwenyewe. Wote wawili wakamshika kwapani, wakamkokota hadi barabarani pale Adams, mimi nyuma nimebeba viatu vyake. Gari la kwanza lililosimama, utingo alimtazama Shosho anavyoning'inia, akatikisa kichwa. "Huyu hawezi kukaa, mathe. Tafuteni teksi." Teksi lilikuwa neno la watu wengine. Mama Tony akasema ngojeni, atamwomba jirani yake mwenye gari, akarudi haraka kuelekea nyumbani. Sisi tukabaki chini ya kibanda cha muuza magazeti.

Ndipo baba akatokea. Mvua ilikuwa imesimamisha kazi ya kumwaga zege, wakaachiliwa mapema, naye alikuwa akirudi kwa miguu kama kawaida yake. Maji yalikuwa yamemchora mistari myeusi kwenye ile mvi, nusu kijana nusu mzee. Alituona. Hakukimbia. Alikuja akachuchumaa mbele ya mama yake, akamshika vifundo vya miguu.

"Alikuwa anafanya nini?" akauliza, bila kumtazama mama.

"Blanketi," mama akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu likizo ianze."

Nilingoja amkemee. Magari yalipita, maji yakaruka. Baba alivitazama vidole vya mama vilivyopasuka, ambavyo kila jioni alikuwa akipokea chai kutoka kwavyo, na nadhani aliviona kwa mara ya kwanza.

"Tusingoje gari," akasema. "Nisaidie kumpandisha."

Akageuka, akainama, mama akamlaza Shosho mgongoni mwake na kumfunga kwa lile blanketi la Mama Tony, likapita chini ya makalio na kufungwa kifuani kwa baba. Mama akamwachia muuza magazeti ujumbe wa Mama Tony, akatembea nyuma, mikono yake miwili imeshika kichwa cha Shosho kisiyumbe. Tukaifuata Ngong Road kuelekea hospitali, upande wa Upper Hill, njia ile ile ambayo baba alikuwa ametoka nayo.

"Niweke chini," Shosho akasema tulipokuwa tumekwenda kidogo. "Mimi ni mzito."

"Wewe si mzito."

"Wewe ndiyo ulikuwa mzito. Na ulikuwa unapiga teke."

 Niliona mgongo wa baba ukitikisika, nikafikiri anacheka. Nilikuwa nikitembea kando yao na nikaona sikio la Shosho limegusa shingo ya baba, nikaona kwamba sasa anamsikiliza yeye, na nikanyamaza ili nisiwakatize.

Karibu na mjengo wao, watu waliokuwa wamejikinga mvua chini ya mabati walitutambua. Mmoja wao alikuwa Wafula, mwanaume mrefu aliyekuwa akichanganya zege na baba. Alitoka bila kofia, akatembea sambamba na baba kwa muda.

"Kamau, leta huyo mama. Magoti yako yanacheza."

"Niko sawa."

"Hauko sawa. Leta. Nimebeba simiti tangu asubuhi, huyu ni mwepesi."

"Mpatie," Shosho akasema kutoka mgongoni. "Mimi nataka kujua kama simiti ni nzito kunishinda."

Ndivyo shosho yangu alivyopanda kile kilima cha mwisho, mgongoni mwa mtu asiyemjua, akimwuliza kwao ni wapi na wanapanda nini huko, naye Wafula akimjibu huku akihema.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi mpaka nguo zetu zikaanza kukauka mwilini. Daktari aliyemwona alikuwa mwanamke kijana, mwenye macho ya mtu ambaye hajalala. Aliishika picha ya eksirei ya shingo ya Shosho mbele ya dirisha, akaitazama kwa muda mrefu, akamtazama Shosho, akairudia picha. Kisha akamgeukia baba.

"Huyu mama alikuwa anabeba nini?"

 "Kuni," baba akasema. "Maji. Viazi. Majani ya ng'ombe. Mawe ya kujenga jikoni." Akamtazama mama yake. "Hata mimi."

"Tangu akiwa na umri gani?"

Baba hakujua. Shosho ndiye aliyejibu, akiwa amelala kwenye kitanda cha magurudumu, akitazama dari. "Kama huyu," akasema, na mkono wake ukatafuta kichwa changu, ukakikosa, ukakipata.

Daktari alieleza kwa maneno rahisi. Mifupa ya shingo ilikuwa imelika na kusogea, ikawa inabana ile kamba ya uhai inayopita katikati. Maji baridi hayakuwa na kosa, wala beseni. Angeanguka tu, leo au mwezi ujao, kisimani au shambani, na huko asingepata mtu wa kumbeba. Aliyasema hayo akimtazama mama, ambaye alikuwa amesimama mlangoni kama anayengoja kuhukumiwa. Mama alishusha pumzi na kuketi sakafuni.

Shosho akalazwa. Watoto hawakuruhusiwa wodini, kwa hiyo nilikuwa nikibaki nje kwenye nyasi na mama, baba akiingia na uji. Shule zikafunguliwa. Niliporudi nyumbani jioni nilikuwa na maneno mengi yasiyo na pa kwenda. Nilimweleza mama machache akiwa anamenya vitunguu, akaniambia, "Ehe," lakini kichwa chake kilikuwa kimenyooka.

Aliporudi, Shosho alikuwa amevaa kitu kigumu cheupe kutoka kidevuni hadi mabegani. Kichwa chake kilikuwa wima kama cha askari wa gwaride. Akitaka kukutazama aligeuka mwili mzima, kama kabati linalosogezwa. Kila mtu alifurahi. Majirani walikuja kumwona, wakasema amekuwa kijana. Mimi nilijificha nyuma ya pazia linalogawa chumba. Hakuwa anasikiliza tena. Wamemnyoosha, nikawaza, na sasa atakuwa kama watu wengine.

Sikumsemesha siku ile, wala iliyofuata. Mwishowe tulipobaki wawili akaita, "Wewe ambaye ni mimi. Kuja."

Nikaenda.

"Kwa nini hunisemeshi?"

"Kwa sababu husikii. Kichwa yako imekuwa juu."

Alijaribu kuelewa, na nikaona anaelewa, kwa sababu kicheko kilianzia tumboni na kikashindwa kupita kwenye ile plastiki. Kilimwuma, akashika shingo. Halafu akaacha kucheka.

"Ulikuwa unafikiri naweka kichwa hivyo nikusikie?"

"Ndiyo."

"Hapana. Ilikataa tu kuenda juu," akasema. "Lakini nilisikia. Mtoto wa kula chaki, alipona tumbo?"

Nikamwambia alipona. Nikamwambia na mengine yote. Yeye alitazama mbele, wima, akisema, "Ehe, halafu?"

Alipona kiasi. Miguu ilirudi, akatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto haukurudi wote, kidole gumba kilibaki kimelala hadi mwisho wa maisha yake. Baada ya mwaka hivi alirudi mlimani, kwa sababu Nairobi ilimchosha kwa kukosa kazi ya kufanya, na baba alipanda naye hadi huko kumwambia kila jirani kwamba atakayemwona mama yake na mzigo amnyang'anye. Walimnyang'anya. Alifariki kitandani mwake, asubuhi ya ukungu, mimi nikiwa sekondari. Baba aliendelea na mjengo mpaka mvi zikawa hazitoki tena kwa maji. Mama hakuwahi tena kushika blanketi la mtu, ila nguo nyepesi.

Lakini ninachokikumbuka kuliko vyote ni siku zile za mwanzo, baada ya hospitali. Daktari alikuwa amekataza asiinue hata kikombe kilichojaa. Shosho aliketi kitandani siku moja, mbili, akitazama mikono yake kana kwamba inangoja maagizo. Kisha akalala. Alilala mchana. Alilala tukila, alilala majirani wakigombana nyuma ya ukuta, alilala redio za Woodley zikiimba. Nilirudi shuleni nikamkuta amelala vile nilivyomwacha. Niliogopa. Nilikuwa nimesikia kwamba watu hufa hivyo. Nikamvuta mama aliyekuwa akianika nguo nje.

"Shosho haamki."

Mama aliingia, akainama, akasikiliza pumzi yake. Akamfunika mabega.

"Hana kitu," akasema. "Amechoka. Amechoka tangu akiwa msichana, sasa ndiyo amepata nafasi."

Alasiri moja mvua ilinyesha kwa nguvu, mabati yakapiga kelele, na Shosho akafumbua macho. Mimi nilikuwa kando yake nikifanya hesabu za shule, redio yetu ndogo ikiimba. Alishtuka, akajaribu kuinuka, mkono wake mzuri ukitafuta kitu ukingoni mwa kitanda.

"Kumekucha? Kuni zitalowa," akasema.

"Hakuna kuni, Shosho."

"Maji?"

"Mama ameshateka."

"Na ng'ombe?"

"Hakuna ng'ombe hapa. Ni Nairobi."

Alitazama dari kwa muda, mvua ikipiga juu yake, akipitia moja moja kazi zote alizozijua, akitafuta iliyobaki. Niliona akiikosa. Uso wake ukalegea, mpaka lile bonde kwenye paji likaonekana kama limepungua kina. Akageuka mwili mzima, taratibu, na ile plastiki yake, akaukabili ukuta, akaendelea kulala. Nikazima redio.